Ngazi za tiba ya saratani: njia ya kupanda au kikomo?

Miongozo ya saratani inayosomwa sana duniani, kama ile ya NCCN, mtandao wa vituo vya saratani vya Marekani, huandikwa ikichukulia kwamba mashine ya mionzi ipo, maabara inafanya kazi na dawa hazikatiki. Katika nchi za kipato cha chini, daktari anaweza kuusoma mwongozo huo wote kisha akakosa pa kuanzia. Ndipo likaja wazo la kupanga huduma kwa ngazi kulingana na uwezo wa nchi. Breast Health Global Initiative, mpango wa kimataifa wa afya ya matiti ulioanzishwa mwaka 2002, ilifanya hivyo kwa saratani ya matiti, na baadaye NCCN yenyewe ikatoa ngazi zake.

Wanaozipinga ngazi hizi wana hoja nzito. Wanakumbusha yaliyotokea kwenye UKIMWI: wataalamu waliokuwa wakisema dawa za kufubaza virusi ni ghali mno kwa Afrika hawakuwa wachache. Mwaka 2001 kampuni ya Cipla ya India ikazitoa kwa dola 350 kwa mgonjwa kwa mwaka, wakati bei ya kawaida ilikuwa ikipita dola 10,000. Kama nchi zingekuwa zimeshajiandikia mwongozo usio na dawa hizo, nani angehangaika kudai bei ishuke? Serikali ikishaambiwa ngazi ya chini inakubalika, inaweza kukaa hapo miaka nenda miaka rudi.

Hata hivyo, kuufuata mwongozo wa juu mahali pasipo na nyenzo zake kunaweza kuua. Metotreksati, dawa ya saratani, ikitolewa kwa dozi kubwa inahitaji kipimo cha kiwango cha dawa kwenye damu. Kisipokuwepo, mtoto anaweza kufa kwa dawa kabla saratani haijamuua. Nchini Malawi, watoto wenye limfoma ya Burkitt, saratani ya mfumo wa limfu, walipewa tiba nyepesi kuliko ya Ulaya, na wengi walipona. Kwangu mimi hiyo haikuwa tiba ya daraja la pili. Ilikuwa tiba sahihi kwa hospitali ile.

Kwa hiyo naziunga mkono ngazi, ila nadhani mjadala unaelekezwa mno kwenye dawa na mashine. Tuangalie kipande cha nyama kilichotolewa kwenye uvimbe wa titi. Kinatakiwa kiingie mapema kwenye formalini, maji ya dawa ya kukihifadhi, kikae humo kati ya saa 6 na 72. Kikicheleweshwa, au kikitumbukizwa kwenye chupa ndogo yenye formalini kiduchu, kipimo cha vipokezi vya homoni, kinachoonyesha kama saratani itasikia dawa za kuzuia homoni kama tamoksifeni, kinaweza kusema havipo ilhali vipo. Mara nyingine ndugu wa mgonjwa ndiye anayekibeba mwenyewe hadi maabara ya mji mwingine, na majibu yanakuja baada ya wiki kadhaa. Jibu likiwa la uongo, mama huyo ananyimwa tamoksifeni, kidonge cha bei nafuu ambacho kingemkinga kwa miaka. Hapa kilichokosekana ni chupa ya kufaa, maji ya dawa na mtu wa kuandika saa.

Mpango wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2021 kuhusu saratani ya matiti umegusa palepale: angalau asilimia 60 ya saratani hizo zigundulike katika hatua ya kwanza au ya pili, uchunguzi ukamilike ndani ya siku 60, na asilimia 80 ya wagonjwa wamalize matibabu. Malengo haya yanapimika hata katika nchi ambayo bado haina trastuzumabu, dawa ya aina mojawapo ya saratani ya matiti, iliyoingizwa kwenye orodha ya dawa muhimu ya shirika hilo mwaka 2015.

Ningependa kila mwongozo wa ngazi ya chini utaje kinachokosekana, gharama yake, na mwaka ambao wizara inakusudia kukiweka kwenye bajeti. Na mezani pa kuuandika awepo fundi wa maabara, mfamasia na muuguzi anayejua wagonjwa wangapi waliacha tiba njiani kwa kukosa nauli.