Bei ya Soja Hupangwa na Mwenye Lango

Soja akikutwa amesinzia langoni, lawama zote huenda kwa kampuni za ulinzi: eti zinanyonya, zinakula jasho la watu. Sina haja ya kuzitetea. Ila hapa Kisumu nimeona vya kutosha kujua kwamba mshahara wa mlinzi huamuliwa mapema, siku mteja anapofungua bahasha za zabuni na kuchungulia tarakimu ya mwisho.

Chukua G4S, kampuni ya ulinzi ambayo wazee wengi bado wanaiita Securicor. Mizizi yake ni walinzi wa usiku. Upande mmoja unarudi Copenhagen, Denmark, mwaka 1901. Upande wa pili ni Nightwatch Services, iliyoanzia London mwaka 1935 na baadaye kuitwa Securicor. Pande hizo mbili ziliungana mwaka 2004. Kutoka hapo kampuni ikanunua nyingine huku na kule hadi ikawa na wafanyakazi zaidi ya laki sita katika nchi zaidi ya 100. Mwaka 2011 ilitaka kuimeza ISS, kampuni ya usafi na huduma ambayo nayo ilizaliwa Copenhagen mwaka huohuo wa 1901, kwa pauni bilioni 5 na ushei. Wenye hisa wakakataa. Miaka 10 baadaye ikamezwa yenyewe na Allied Universal ya Marekani. Mmiliki hubadilika, nembo begani hubadilika, na soja hubaki palepale na rungu lake.

Aibu kubwa ya G4S inajulikana: Olimpiki ya London, 2012. Ilipewa kandarasi ya walinzi 10,400, na wiki mbili hivi kabla ya michezo ikakiri kwamba haitawafikisha. Serikali ya Uingereza ikalazimika kuongeza wanajeshi 3,500. Mkuu wa kampuni, Nick Buckles, akahojiwa na wabunge hadi akatota. Alistahili. Lakini kuna kipande ambacho husahaulika: mkataba wa awali, wa mwisho wa 2010, ulikuwa wa walinzi 2,000 tu. Waandaaji waliongeza idadi mara tano zikiwa zimesalia miezi michache. Kampuni ilikubali kwa tamaa, sawa, ila aliyeagiza watu kama anayeagiza viti vya harusi ni mteja.

Basi turudi nyumbani. Nilikaa kwenye mkutano wa wakazi mtaani kwetu, Milimani, tukichagua kampuni ya ulinzi. Mezani kuna kwotesheni tatu. Mwenyekiti akazisoma, akafika ya tatu, akatabasamu: "Hawa wako nafuu sana, jamani." Makofi. Nikaomba kuuliza, wangapi watalinda lango? Karatasi ilisema wawili, mmoja mchana na mmoja usiku.

Hesabu yenyewe si ngumu. Lango hulindwa mchana na usiku, kwa hiyo wiki ina saa 168. Wawili wakigawana, kila mmoja anafanya saa 84. Kanuni za mishahara ya sekta ya ulinzi, za mwaka 1998, zinasema wiki ya kawaida ni saa 52 kwa siku sita. Zinazobaki ni saa 32 za overtaimu kila wiki, tena siku ya mapumziko imeliwa. Overtaimu hiyo ikilipwa inavyotakiwa, unafuu wote unayeyuka. Kwa hiyo kampuni ikikupa bei ya chini hivyo, imeshakuambia haitalipa. Lango moja kihalali linahitaji watu watatu na zaidi kidogo, yaani watatu na wa kupokezana.

"Hiyo ni shida ya kampuni, ndugu yangu," jirani mmoja akanijibu. Huyo huyo ndiye hulalamika kwamba soja wa usiku hafungui geti upesi. Mtu ametembea kutoka Nyalenda, amesimama saa 12, amejaza OB, kile kitabu cha matukio, kwa mwanga wa simu, ana siku ya saba bila kupumzika, na unataka aruke kama kijana wa mbio.

Kati ya mwisho wa 2023 na mwanzo wa 2024, Mamlaka ya Kudhibiti Ulinzi wa Kibinafsi ilitaka mlinzi wa Nairobi asilipwe chini ya shilingi 30,000. Kelele zikawa nyingi na suala likaishia mahakamani. Niliunga mkono nia yake, lakini amri ya namna hiyo humkamata mwajiri na kumwacha mnunuzi anywe chai yake. Benki, vyuo, hospitali na serikali za kaunti ndizo hutoa zabuni kubwa, na nyingi huchagua kwa bei. Hizo zinaweza kukataa kwotesheni ambayo haiwezi kulipa mshahara wa kisheria, bila kusubiri sheria mpya. Kisumu iko kwenye kundi moja na Nairobi na Mombasa katika viwango vya chini vya mishahara, kwa hiyo hakuna anayeweza kusema huku ni mashambani.

Mkutano wetu uliahirishwa bila uamuzi. Ule ujao nitaenda na hesabu ya saa 168 ikiwa imechapwa, na nitaomba kila kampuni itaje kwanza lango litakuwa na watu wangapi na wa kuwapokezana ni nani, ndipo tusome bei.