Mvule na Mwewe wa Ukerewe

Mvule wa Ukerewe, kisiwa cha Ziwa Victoria, umepungua kwa kukatwa mbao na mitumbwi, na uliobaki umejichanganya na miembe. Sisi tulitaka mbegu, tukaja na droni kuutafuta mti kutoka juu.

Tuliirusha mita 80 juu, kila picha ikifunika asilimia 80 ya iliyotangulia na 70 ya mstari wa jirani. Ukipunguza hapo, programu ya kuunga picha inakosa alama za kufananisha na ramani inatoka vipandevipande. Upande wa ziwa usijisumbue kabisa: maji hayatulii, wimbi halipigwi picha mara mbili.

Ambacho vitabu vilisahau kutuambia ni mwewe. Mwewe wa Nansio, mji wa kisiwa hicho, amezoea utumbo wa samaki, siku hiyo akatamani droni. Ukikimbia mlalo anakufuata. Dawa ni kupanda wima kwa kasi. Tukapanda, na ramani ikabaki na shimo jeusi mahali hapo.

Kompyuta ikazungushia duara jekundu kila kijani kipana kilichochomoza juu ya vingine. Duara la kwanza: turubai la banda la dagaa. La pili: mwembe. La tatu, mvule kweli! Gome tukalikwaruza, utomvu mweupe ukatoka. Tukatandaza nyavu chini, tukakaa kungoja matunda.

Mwenye shamba akaja na kigoda chake.

“Shikamoo, babu.”

“Marahaba. Mnangoja nini, wajukuu?”

“Matunda. Tunataka mbegu.”

“Ya mti huu?”

Akainama, akaokota kwenye wavu kitu chembamba, kikavu, urefu wa sentimita 15 hivi, kama mkia wa panya. Akatuninginizia machoni.

“Hili ni dume.”

Mvule una dume na jike, kila mmoja na mti wake. Jike ndilo lenye tunda nene la kijani, sentimita 5 hadi 7, jamii moja na forosadi. Ukiwa mita 80 juu, wote ni majani tu.

“Jike mnalitafuta kwa popo,” akasema. “Usiku wanagombania matunda, hatulali.”

“Liko wapi?”

Akaelekeza kidole nyuma ya nyumba yake. Tukafungua ramani: ndani ya shimo jeusi. Juu yake mwewe wawili wametulia, wanatutazama.

Matunda yakiiva hupondwa kwenye ndoo ya maji, mbegu pepe huelea, nzima huanikwa kivulini na kupandwa upesi kabla hazijafa. Tukamwomba babu atuuzie kwa kopo. Kabla ya kutaja bei, akaiangalia droni juu mpaka chini.