Nia ya Kupigana Haiji Pamoja na Vifaa Vipya

Kila inapozungumzwa habari ya kulifanya jeshi letu liwe la kisasa, mazungumzo huishia kwenye vifaa: ndege zisizo na rubani, mitambo ya mawasiliano, magari ya deraya, kompyuta za kupangia operesheni. Sina ugomvi na vifaa hivyo, kwa maana askari anayepelekwa mstari wa mbele bila silaha inayofaa amekwisha kusalitiwa kabla ya risasi ya kwanza kulia. Ninachotaka kukisema, na jambo hili linanigusa sana, ni kwamba ari ya kupigana katika jeshi la zama hizi itadumu au itatoweka kwa kutegemea viongozi wa ngazi ya chini, yaani koplo anayeongoza seksheni, kikundi kidogo cha askari, na luteni anayeongoza platuni, yenye seksheni kadhaa, na namna wakubwa wao wanavyowalea, wanavyowaamini na wanavyowaachia nafasi ya kuamua.

Tarehe 2 Novemba 1978, majeshi ya Idi Amin yakiwa yamekwisha kuvamia Kagera na kuua raia, Mwalimu Nyerere alilitangazia taifa kwamba kazi ilikuwa moja tu, kumpiga, na kwamba uwezo, sababu na nia ya kumpiga tulikuwa navyo. Watanzania wengi wanaikariri hotuba hiyo hadi leo, lakini ni wachache wanaotafakari kwamba mambo hayo matatu hayapatikani kwa njia moja. Uwezo unaweza kuongezwa na bajeti. Sababu huletwa na adui mwenyewe anapovuka mpaka. Nia haina fungu la fedha wala haiagizwi kutoka nje. Inajengwa miaka mingi kabla ya vita, kambini, kati ya kiongozi na watu wake.

Nchi yetu ilijifunza hilo mapema na kwa uchungu. Usiku wa kuamkia tarehe 20 Januari 1964, askari wa Tanganyika Rifles, jeshi la nchi yetu wakati huo, katika kambi ya Colito, ambayo leo ni Lugalo, waliasi. Walidai mishahara bora na kuondolewa kwa maofisa wa Kiingereza waliokuwa bado wanawaongoza miaka miwili baada ya Uhuru, na kambi ya Tabora ikafuata. Serikali ililazimika kuomba msaada wa Uingereza, na tarehe 25 Januari makomando wa meli ya Centaur wakatua Dar es Salaam na kuzima maasi. Ilikuwa aibu kubwa, lakini kosa halikuwa la askari peke yao. Jeshi lile lilikuwa na kwata safi na bunduki safi, ila kati ya anayeamuru na anayeamriwa hapakuwa na kitu walichokiamini pamoja. Ndiyo maana Jeshi la Wananchi lililozaliwa tarehe 1 Septemba 1964 chini ya Mrisho Sarakikya, kijana wa miaka ipatayo 30 wakati huo, halikuwa jeshi lile lile lililobadilishiwa jina. Liliundwa upya, kwa vijana walioandikishwa upya, na viongozi ambao askari aliweza kuwaona kuwa ni wa kwao.

Matunda ya kazi hiyo yalionekana Lukaya, nchini Uganda, na hapa naomba nikae kidogo, kwa sababu vita ile husimuliwa mara nyingi kama ushindi mtupu na hivyo kutuficha somo lake.

Mwezi Machi 1979 vikosi vyetu vilikuwa vimekwisha kuitwaa Masaka na vilikuwa vinaelekea Kampala kwa barabara inayopita katikati ya mabwawa. Jioni ya tarehe 10, Brigedi ya 201 iliyokuwa Lukaya ilishambuliwa na majeshi ya Amin pamoja na Walibya waliokuja kumsaidia wakiwa na vifaru na mizinga ya roketi. Wapiganaji wengi wa brigedi hiyo walikuwa wanamgambo waliotoka majumbani mwao miezi michache tu iliyotangulia. Roketi nyingi zilipita juu ya vichwa vyao na walioumia hawakuwa wengi, lakini mlio wake na ule mwanga uliochana giza viliwavunja. Walikimbia. Hakuna sababu ya kuona haya kuliandika jambo hilo, kwani mwanadamu yeyote ambaye hajawahi kusikia sauti kama ile angeweza kukimbia.

Yaliyofuata ndiyo yanayostahili kufundishwa. Brigedi ya 208, iliyokuwa mbali upande wa kaskazini-magharibi, iliamriwa kugeuka, ikatembea usiku kucha na kutokea alfajiri kwenye barabara ya Kampala, nyuma ya adui. Wakati huo huo wale waliokimbia walikuwa wanakusanywa upya gizani, wakipangwa tena katika safu zao, na asubuhi ya tarehe 11 wakasonga mbele kutoka upande ule ule walioukimbia. Walibya na watu wa Amin walibanwa pande mbili na wakapigwa vibaya. Mwezi mmoja baadaye, tarehe 11 Aprili, Kampala ilianguka.

Sasa jiulize ni nani aliyewarudisha wale vijana. Mkuu wa Divisheni ya 20, David Musuguri, hakuweza kumshika mkono kila mwanamgambo aliyejificha kwenye matete. Aliyeweza kufanya hivyo ni sajini aliyewajua kwa majina, aliyejua nani anatoka kijiji gani na nani amefiwa na ndugu yake, na ambaye sauti yake ilikuwa imekwisha kuaminika tangu siku za mazoezi. Musuguri mwenyewe aliielewa kazi hiyo, maana hakuanzia juu: aliingia King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza, mwaka 1942 akiwa askari wa kawaida, akapigana Madagaska, na akapanda ngazi moja baada ya nyingine hadi kuwa Mkuu wa Majeshi mwaka 1980. Sidhani kuwa ni bahati tu kwamba mtu wa namna hiyo ndiye aliyeongoza jeshi lililoweza kuvunjika jioni na kusimama tena asubuhi.

Upande wa pili wa uwanja ulionyesha kinyume chake. Askari wa Amin hawakukosa silaha wala ukali, kwani ukali walikuwa wamekwisha kuuonyesha kwa raia wa Uganda kwa miaka minane. Hata hivyo maofisa wao wengi walikuwa wepesi kuwatangulia askari wao kukimbia, na jeshi lililozoea kutisha wasio na silaha likasambaratika lilipokutana na wenye silaha. Wapo wanaodhani kwamba ari ya kivita ni ukatili unaowekewa mipaka. Mimi naona kwamba ukatili huila ari hiyo, kwa sababu mpiganaji aliyezoezwa kumwonea mnyonge hujifunza kumwogopa mwenye nguvu.

Nilipokuwa Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) kwa mujibu wa sheria nililiona jambo hili kwa udogo wake. Baada ya siku moja ya mwendo mrefu wa miguu, koplo wetu, ambaye mchana kutwa alikuwa ametufokea bila huruma, alipita usiku na tochi akituamuru kuvua soksi, akakagua malengelenge ya kila kuruti, na kuruti mmoja aliyeumia koplo akamwondolea bergeni, yaani mkoba wa mgongoni, ya kesho yake na kuibeba mwenyewe. Chakula alikula baada yetu sote, sufuria ikiwa imebaki ukoko. Hakutoa hotuba yoyote. Kuanzia siku hiyo, alipotuambia tupite tope tulipita, na hakuna aliyenung'unika kwa dhati.

Teknolojia mpya inaweza kuupoka uhusiano huu tusipokuwa macho. Jenerali anayeona picha ya uwanja wa mapambano kwenye kioo, moja kwa moja kutoka angani, hushawishika kumwambia luteni aweke wapi bunduki yake ya rashasha. Akifanya hivyo mara kumi, luteni huacha kufikiri akabaki kungoja redio; na siku mawasiliano yatakapokatwa na adui, jambo ambalo sasa ni la kawaida katika vita vya Ukraine, platuni nzima itabaki imekaa. Vile vile, askari anayewindwa na droni ndogo handakini anahitaji moyo mkubwa kuliko babu yake, maana hata kulala hawezi kwa amani.

Lakini moyo peke yake hautoshi, na ni dhuluma kuutegemea kana kwamba unatosha. Tarehe 7 Desemba 2017, walinda amani wetu walishambuliwa katika kambi yao ya Semuliki, Kivu Kaskazini, nchini Kongo, wakapigana kwa saa kadhaa, na 15 kati yao walipoteza maisha. Uchunguzi wa Umoja wa Mataifa uliofuata ulitaja mapungufu ya mafunzo, ya uongozi na mfumo wa amri katika misheni ile, pamoja na uhaba wa ndege, wahandisi na taarifa za kiintelijensia. Vijana wale walifanya wajibu wao. Kuwaheshimu kwa kweli ni kuhakikisha kwamba walio juu yao nao wanapimwa kwa ukali ule ule tunaompima nao kuruti anayechelewa gwarideni.

Ningependa kuona maofisa wapya wanaotoka chuo cha kijeshi cha Monduli wakikaa na platuni zao muda mrefu wa kutosha kabla ya kuvutwa makao makuu na kozi za nje, na masajini na maofisa wateule wakipewa heshima na masomo yanayolingana na uzito wanaoubeba. Ningependa pia upandishaji vyeo uzingatie jinsi watu walio chini ya ofisa wanavyofanya kazi siku ambayo yeye hayupo, kwa kuwa hicho ni kipimo kisichodanganya kirahisi.

Na lipo jambo lisilohitaji bajeti kubwa ila haliwezi kusubiri. Aliyekuwa na miaka 20 wakati wa vita vya Kagera sasa anakaribia 70. Wengine wamelala kwenye makaburi ya mashujaa ya Kaboya tangu wakati ule, na waliorudi wanapungua kila mwaka, wengi wao wakiwa vijijini ambako huulizwa habari za vita siku ya Mashujaa tu, tarehe 25 Julai. Waitwe vyuoni sasa, waketi mbele ya makadeti bila mgeni rasmi wala risala, na waulizwe jambo ambalo vitabu vya mkakati haviwezi kulijibu: ule usiku wa Lukaya, watu walipoanza kukimbia, kiongozi wa seksheni yako alisema nini, na kwa nini ulimsikiliza?