Mpira Usio na Saa

Mpira wa miguu una adabu zake. Dakika tisini, refa anatazama saa, akipuliza kipenga kila mtu kwao. Hata mwenye njaa anajua njaa yake itakwisha saa ngapi. Lakini huyu Mmarekani William Morgan, aliyebuni voliboli mwaka 1895, naona mkewe alikuwa anapika mapema, maana mchezo wenyewe hauna saa.

Jumapili ile, tarehe 7 Septemba 2025, nimerudi kutoka Shela, huku kwetu Lamu, na mashua yangu, jua limenikausha kama ng'onda. Tumboni mna mahamri mawili ya alfajiri na chai basi. Napanda ngazi za nyumbani, Langoni, nasikia harufu ya samaki wa kupaka, roho ikatua. Nafungua mlango: mke wangu, shemeji zangu, binti zangu, jirani wa kulia, jirani wa kushoto, na juu ya kiti changu, kile kimoja chenye mto, ameketi mavyaa. Wote macho kwenye TV. Bangkok, fainali ya ubingwa wa dunia wa wanawake, Italia na Uturuki.

"Kwani Kenya inacheza?"

"Kenya ilishatoka kitambo, babake Swafia. Hebu sogea, umeziba."

Nikashika kichwa. Malkia Strikers, timu ya taifa ya wanawake wa Kenya, walipokwenda Thailand mimi nilinyamaza, wale ni watoto wetu. Timu 32, sisi tukatupwa Phuket na Poland, Ujerumani na Vietnam. Wajerumani wakatufunga, Poland wakatufunga, nikasema alhamdulillahi, sasa rimoti itarudi kwa mwenyewe. Wapi! Ikaja Vietnam, tukawatandika seti 3 kwa 0, vigelegele vikapigwa hadi punda wa jirani akakata kamba. Nauliza, sasa tumefuzu? Naambiwa la, tulikuwa tumeshatolewa kabla ya mechi hiyo kuanza. Sasa vigelegele vya nini? Mavyaa akanitazama kwa lile jicho lake.

"Mwanangu, wewe mara ya mwisho kushinda kitu ilikuwa lini?"

Mavyaa hajibiwi. Nikaitazama dari.

Basi siku hiyo ya fainali nikamnong'oneza mke wangu habari ya chakula. Akasema, "Seti hii ikifika 25 nakupakulia." Haya, 25 si mbali. Nikahesabu mwenyewe kwa vidole, ikafika 24 kwa 24. Nikasimama kabisa, nikanawa mikono. Kumbe lazima mmoja amzidi mwenzake kwa pointi mbili! Mimi nimenawa, maji yananitiririka viwikoni, wao wanarushiana mpira. Italia wakachukua 26 kwa 24. Nikasema tayari. "Bado, kila mmoja alikuwa na seti moja, sasa Italia wana mbili, zinatakiwa tatu." Uturuki nao wakaja wakashinda ya nne, 25 kwa 19, kana kwamba wametumwa na adui zangu.

"Ya tano ni fupi," mke wangu akaniliwaza, "ni 15 tu."

Nikaenda jikoni. Yule samaki, changu, alikuwa juu ya makaa tangu seti ya tatu. Upande wa juu mzuri, rojo la nazi linang'aa. Nikamgeuza: mkaa mtupu, mkia ukabaki kwenye wavu wa jiko. Sebuleni wakalipuka, Italia bingwa, 15 kwa 8. Nikala upande mmoja wa samaki.

Binti yangu mdogo akaja kunifariji. Akanieleza habari ya libero, yule mwenye jezi ya rangi mbali: anaingia na kutoka bila kuomba ruhusa, ila kupiga mpira juu ya wavu haruhusiwi, na kuzuia pia haruhusiwi. "Sasa baba, humu ndani libero ni wewe." Mavyaa alicheka mpaka akakohoa.

Nilidhani yamekwisha. Jumamosi iliyofuata natafuta jarifa langu, wavu wangu wa kuvulia, silioni. Wamelibeba kwenda ufukweni Shela, na aliyewavusha ni mimi, kwa mafuta yangu, nimeambiwa ni matembezi! Wamesimika boriti mbili mchangani, wanapima kwa futi ya fundi cherahani, eti wavu wa wanawake ni mita 2.24, isipungue hata kidole. Boriti moja ikalala. Wakaisimamisha, ikalala tena. Mavyaa, kutoka kwenye mkeka wake, akaniita kwa upole ambao sijawahi kuusikia:

"Mwanangu, njoo ushike hapa kidogo, seti moja tu."

Nikashika, mikono juu kama mtu aliyekamatwa. Maji yalikuwa yanajaa. Yaliponifika kwenye ndara nikauliza ni ngapi ngapi.

24 kwa 24.