Duchess wa Atholl na wasichana wa Kikuyu: kweli iliyosemewa London

Tarehe 11 Desemba 1929, Katharine Stewart-Murray, mwenye cheo cha kikabaila cha Duchess wa Atholl, alisimama katika Bunge la Uingereza akaeleza waziwazi jinsi wasichana wa Kikuyu walivyokuwa wakikeketwa nchini Kenya. Alikuwa mwanamke wa kwanza Scotland kuchaguliwa mbunge, mwaka 1923, kwa tiketi ya chama cha Conservative. Ajabu ni kwamba kabla ya Vita Kuu ya Kwanza alipinga wanawake kupewa kura.

Wanaomsifu wana hoja nzito. Serikali ililiona suala hilo kuwa mila ya wenyeji, la kuachiwa elimu na wakati. Yeye alilitaja kama lilivyo: maumivu na hatari ya kifo wakati wa kujifungua. Pamoja na mbunge mwenzake Eleanor Rathbone aliunda kamati iliyosikiliza mashahidi, akiwemo Jomo Kenyatta, aliyekuwa London kwa niaba ya Kikuyu Central Association, chama cha siasa cha Wakikuyu. Kenyatta alishikilia kuwa elimu ingefaa kuliko sheria.

Wanaomlaumu nao hawasemi bure. Habari zake zilitoka kwa wamisionari wa Kiskoti, na miezi hiyohiyo misheni yao kule Thogoto, Kenya, chini ya Dk. John Arthur, ilikuwa ikiwataka waumini waweke ahadi ya kuikana desturi hiyo. Asiyejua kuandika alibonyeza kidole gumba chenye wino. Alama hiyo ikaitwa kirore. Aliyekataa alitengwa na kanisa. Sasa mfikirie mkulima ambaye shamba la ukoo wake lilikwisha kuchukuliwa na mlowezi: anapoletewa karatasi na Mzungu aweke dole, anawaza nini? Wengi waliamini ni hila nyingine ya kuchukua ardhi. Watu walihama makanisa, shule huru za Kikuyu zikaongezeka, na wimbo wa Muthirigu wa kuwakejeli wamisionari na serikali ukaenea mpaka ukapigwa marufuku mwaka 1930.

Hata hivyo siwezi kukubaliana na wanaomwona kuwa kibaraka wa ukoloni tu. Kisu kilikuwa kisu, na msichana aliyevuja damu hakuwa mali ya misheni wala ya chama cha siasa. Pande zote mbili zilimfanya uwanja wa vita, na wanaume ndio waliosikika zaidi. Kwa hilo Duchess alikuwa mbele ya wakati wake.

Kilichomshinda ni mahali alipotaka dawa itoke: London, si kwa wenyewe. Mwaka 1956 baraza la wazee wa Meru, Njuri Ncheke, lilipiga marufuku ukeketaji kwa msukumo wa wakoloni, na wasichana wakaanza kukeketana wenyewe kwa ukaidi. Waliitwa Ngaitana, yaani nitajikeketa mwenyewe. Amri isiyo na mizizi kwa wenyewe iliwasukuma kwenye wembe uleule iliotaka kuwaondolea.

Mwaka ule wa 1929, Baraza la Kutunga Sheria la Kenya halikuwa na Mwafrika hata mmoja. Wa kwanza, Eliud Mathu, aliingia mwaka 1944. Sheria ya kupiga marufuku ukeketaji kwa wanawake wa rika zote ilipitishwa Nairobi mwaka 2011, wabunge wanawake wa Kenya wakiisukuma, na ilipopingwa mahakamani kwa hoja ya utamaduni, Mahakama Kuu iliitetea mwaka 2021.