Kafara za Kullu: mahakama iamue, au miungu wenyewe?

Sehemu kubwa ya India Dussehra, sikukuu ya Wahindu ya ushindi wa mungu Rama, inaisha siku wanayochoma sanamu la adui yake Ravana, ila Kullu, mji wa bonde la mto Beas kule Himachal Pradesh, jimbo la milimani kaskazini mwa India, wao ndo wanaanza siku hiyo na wanaenda wiki nzima. Miungu ya vijiji inashuka milimani ikiwa imebebwa kwenye machela, nyuso zao za fedha na dhahabu zinang'aa, ngoma na tarumbeta zinapigwa, na wabebaji watakwambia sio wao wanaochagua njia, machela yenyewe inawavuta. Siku ya mwisho kando ya mto kwa desturi wanachinjwa nyati wa kufugwa, kondoo, jogoo, samaki na kaa. Hapo ndo penye ugomvi.

Septemba 2014 Mahakama Kuu ya Himachal ilipiga marufuku kuchinja wanyama kwenye ibada jimbo zima, na 2017 Mahakama ya Juu ya India ikalegeza. Tangu hapo watu wamegawanyika, kuna wanaosema mila ya kale isiguswe na wanaosema ukatili ni ukatili hata ukifanyiwa hekaluni.

Nianze na hawa wa mila ya kale, maana hoja yao ina nguvu kuliko wengi wanavyodhani lakini pia ina tundu. Tundu ni historia. Mtawa wa Kichina Xuanzang aliyepita pande hizo karne ya 7 aliikuta nchi ya Kuluta, ndo Kullu ya leo, ina nyumba za watawa wa Kibudha kama 20 na watawa kama 1,000, na mahekalu 15 tu ya miungu. Hekalu la mungu wa kike Hidimba pale Manali, mji wa bonde hilohilo, lile la mbao za mierezi lenye paa za ngazi, ni la 1553. Na Raghunath, yaani Rama, mungu mkuu wa sherehe yenyewe, kaja juzi tu kwa hesabu za bonde lile, katikati ya karne ya 17. Simulizi inasema Raja Jagat Singh, mfalme wa Kullu, alimwandama brahmani mmoja, mtu wa tabaka la makuhani, akitaka lulu ambazo hakuwa nazo, yule bwana akajichoma moto pamoja na familia yake, na toka siku ile mfalme kila akiletewa wali anaona funza, akiletewa maji anaona damu. Akashauriwa sanamu ya Raghunath iletwe kutoka Ayodhya, mji mtakatifu wa Rama, ikaletwa, akapona, akamkabidhi mungu kiti cha enzi na yeye akabaki mtumishi wake. Kwa hiyo mtu akisema dini ya Kullu haijawahi kubadilika namwambia hapana, imebadilika sana.

Ila angalia ilivyobadilika. Raghunath hakuifuta miungu ya vijiji, ilialikwa ije kumsalimia, na kila mmoja akaja na msimamizi wake, kardar, na gur wake, yule anayepandisha na mungu akasema kwa kinywa chake. Hata kukataa kuliruhusiwa, Jamlu, mungu wa kijiji cha Malana, kwa desturi havuki mto, anabaki ng'ambo. Yaani mfalme alikuwa na siasa zake, hilo silifichi, kumweka mungu juu ya miungu yote ni njia nzuri sana ya kushika bonde lenye vijiji vikaidi, lakini ilibidi azungumze nao. Amri ya mahakama haikuzungumza na mtu, ilishuka tu kutoka juu.

Upande wa pili nao wana haki yao. Mnyama anaumia, haijalishi umri wa mila, na miungu wengine wa bonde hilohilo wanapokea nazi na nafaka bila shida. Kisheria lakini wamekaa vibaya kidogo, kwa sababu sheria ya India ya 1960 ya kuzuia ukatili kwa wanyama, kifungu cha 28, inasema kuua mnyama kwa namna inayotakiwa na dini ya jamii fulani sio kosa chini ya sheria hiyo. Na kuna swali gumu ambalo mwanakijiji analiuliza na sijaona likijibiwa vizuri, kwa nini mbuzi wa bucha anachinjwa kila siku bila kesi, ila wa hekaluni, ambaye nyama yake inaliwa na kijiji kizima, ndo aitwe ukatili?

Mimi naona mabadiliko yanafaa, natamani damu ipungue, ila yapitie mlango ambao bonde linao tayari. 2006 pale Naggar, mji mkuu wa zamani, iliitishwa Jagati, yaani baraza la miungu, wakaja gur kutoka vijiji vingi kuulizwa kuhusu mradi mkubwa wa kuteleza kwenye theluji uliokuwa unasukumwa na mwekezaji wa Kimarekani. Jibu la miungu likawa hapana. Watetezi wa mazingira walifurahi na kuisifu sauti ile. Basi sauti ileile inayoheshimiwa ikilinda msitu iulizwe pia kuhusu nyati, kardar wakae, gur wapandishe, hoja ya maumivu ya mnyama iwekwe mbele yao wazi, na jibu likiwa gumu waitishe tena mwaka unaofuata.