Kabla ya AC Mpya, Likalafati Jengo Lako

Saa nane ya usiku, mwezi wa Mei, nilikuwa nimesimama mbele ya mita ya umeme katika nyumba ya wageni ya familia yetu hapa Langoni, Lamu, tochi ya simu mkononi. Masika yalikuwa yamekaza na vyumba vyote vilikuwa vitupu. Hakuna AC iliyowashwa, hakuna anayeoga. Lakini kile kitaa chekundu cha mita kilikuwa kinakonyeza bila kupumzika. Nikakihesabu kwa dakika moja: mara 25.

Mita yetu imeandikwa kwamba mikonyezo 1,000 ni yuniti moja. Mara 25 kwa dakika ni 1,500 kwa saa. Yuniti moja na nusu kila saa, katika nyumba isiyokuwa na mtu ila bibi anayetutunzia funguo, naye kalala chini na feni moja.

Nikaanza kuzima swichi moja moja. Nilipogusa ya pampu, mikonyezo ikashuka hadi 11. Boya la tanki la darini lilikuwa limenasa, kwa hiyo pampu haikujua kwamba tanki limejaa. Maji yalikuwa yanamwagika nyuma ya nyumba hadi mtaroni, mahali asipopita mtu. Pampu ile peke yake ilikuwa inakula yuniti 20 kwa siku. Na maji yenyewe ni yale yanayotoka chini ya matuta ya mchanga ya Shela, ambayo mji huu unayategemea.

Asubuhi nilimuuliza bibi kama aliwahi kuisikia.

“Mwanangu, mimi hulala nayo hiyo,” akaniambia. “Nilidhani ndiyo desturi yake.”

Maneno hayo sijayasahau, maana hakukosea yeye. Sote tulikuwa tunaisikia. Kasoro ikikaa muda wa kutosha hugeuka kuwa sauti ya nyumba, kama adhana ya mbali au punda wa jirani, na hakuna anayeshtushwa na sauti aliyoizoea.

Wiki hiyohiyo nilikuwa na karatasi ya bei ya paneli za sola mezani. Waliokuja kupima walikuwa wastaarabu, wakaomba bili za mwaka mzima, wakakadiria ukubwa wa mtambo kutokana na bili hizo. Mimi sikuona tatizo. Sasa naliona: haja yetu ilipimwa kwa bili, na ndani ya bili mlikuwa na pampu inayomwaga maji. Tungenunua paneli na betri za kulisha kasoro, tukajipongeza kwamba tunatumia jua.

Naipenda sola, na naitaka. Ninachosema ni mpangilio wa kazi: jengo ulilonalo lifanye kwanza kazi liliyojengewa, ndipo ujue unahitaji kununua nini.

Wahandisi wana jina la shughuli hii, “commissioning”, nalo walilichukua kutoka kwa wanamaji. Meli mpya ya vita haipokelewi kwa sababu imepakwa rangi na kuelea. Hupelekwa baharini, kila chombo ndani yake kikajaribiwa, kisha ndiyo ikakabidhiwa. Kwa majengo mapya hufanywa vivyo hivyo, au inapasa. Lakini watu wakagundua kwamba hata jengo la miaka 20, ambalo halikujaribiwa hivyo au lililojaribiwa likapotoka polepole, hufaidika likipitishwa jaribio hilohilo. Mwaka 2009 maabara ya Lawrence Berkeley ya Marekani ilitoa ripoti juu ya majengo 643. Kwa yale ambayo tayari yalikuwa yakitumika, upungufu wa kati wa matumizi ya nishati (nusu ya majengo yalizidi hapo, nusu hayakufika) ulikuwa asilimia 16, na gharama ya kazi ilijilipa kwa muda wa mwaka mmoja na kidogo.

Hayo ni majengo ya kwao, mengi makubwa, yenye mitambo ya pamoja ya hewa. Siwezi kuichukua asilimia 16 nikaibandika Lamu. Ila ukisoma walichokuta humo utayatambua mambo yetu: kipimajoto kinachodanganya, saa ya kuwashia iliyotegwa vibaya ikaachwa, kitu kimoja kinapooza huku kingine kinapasha. Mara nyingi hakuna kilichoharibika kwa maana ya kutengenezwa. Kila kitu “kinafanya kazi”, ila si kwa wakati wake wala kwa kiasi chake.

Sisi hatukuhitaji kufundishwa hili na maabara. Nenda Matondoni uangalie jahazi lililovutwa pwani maji yanapotoka. Fundi hulizunguka, akagonga mbao na kusikiliza. Panapolegea atakalafati, yaani ataziba nyufa za mbao, kwa pamba na mafuta, kisha chini apake deheni. Jahazi halikuzama, wala halikuvunjika. Lilikuja kwa tanga lake. Na sijawahi kumsikia nahodha ambaye chombo chake kinavuja akasema dawa ni kununua tanga kubwa zaidi. Ndiyo maana kwa lugha yetu kazi hii mimi naiita kukalafati jengo.

Nyumba nazo zilikuwa na kalafati yake. Nyumba ya mawe ya mji huu ni mawe ya matumbawe na chokaa, na upana wa chumba ulifuata urefu wa boriti ya mkoko. Kiwanda cha katikati, yaani ua wa ndani ulio wazi juu, kiliingiza mwanga na kutoa joto. Chokaa ilipakwa tena na tena, kwa sababu ukuta wa matumbawe unahitaji kupumua. UNESCO ilipouweka mji mkongwe katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, nyumba hizi ndizo walizoziona.

Kisha tukafanya nini? Tukapiga plasta ya saruji juu ya chokaa. Tukaezeka kiwanda kwa plastiki mvua isiingie. Joto likakosa pa kutokea, tukanunua AC. AC ikapooza ukuta, na hewa yetu ya pwani, iliyojaa unyevu, ikikutana na ukuta baridi hutoa jasho. Plasta inavimba na kumenyeka, tunapaka nyingine ya saruji, na mwezi ujao bili inapanda. Katika vyumba vyetu viwili tulitoa lile plastiki na kuweka paa lililoinuliwa linalopitisha upepo pembeni. Wageni wa vyumba hivyo sasa huomba feni tu, isipokuwa siku za kaskazi kali, mwezi wa Februari na Machi.

AC zina mambo yake, na hapa ndipo, kwa nionavyo, pesa nyingi zinapopotea. Kila fundi aliyekuja kwetu alijaza gesi. Kila msimu, gesi. Sikujua kwamba gesi ile haitumiki kama mafuta ya gari; inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, na ikipungua maana yake kuna mahali inavuja. Anayejaza bila kutafuta tundu anakuuzia kilekile mara ya pili na ya tatu. Halafu chumvi. Mbavu za alumini za lile sanduku la nje huliwa na upepo wa bahari mpaka zikawa unga, na kuziosha kwa maji yasiyo na chumvi mara kwa mara ni kazi ya dakika kumi. Halafu, hili lilinichoma zaidi, sanduku letu moja lilikuwa limefungwa kwenye kichochoro chembamba, limeelekea ukuta wa jirani. Hewa moto linayoitema inagonga ukuta na kurudi, linaivuta tena. Hakuna sevisi itakayoponya hilo. Lilihamishwa juu darini na chumba kikapoa kwa muda mfupi kuliko nilivyowahi kuona.

Mafundi watatu walikuwa wamelipita sanduku hilo. Siwalaumu. Wa stima aliitwa kwa stima, wa bomba kwa bomba, wa AC kwa AC, na kila mmoja alimaliza lake. Hakuna aliyeitwa kuliangalia jengo. Pengo ni hapo. Vijana wetu waliosoma umeme na majokofu wangeweza kuifanya kazi hii kwa mita ya mkononi, kipimajoto, daftari na subira ya kukaa usiku kucha. Wanakosa mteja anayejua kwamba kazi hii ipo.

Sheria nayo haitufikii. Kanuni za usimamizi wa nishati za mwaka 2012 ziliwalenga wanaotumia zaidi ya yuniti 180,000 kwa mwaka: wakaguliwe kila miaka mitatu. Nyumba ya wageni ya vyumba vinane haitafika huko. Na ukaguzi wenyewe si kalafati. Mkaguzi huandika ripoti na kuondoka. Kazi ninayoisema haiishi mpaka boya limebadilishwa, tanki limejazwa mbele ya macho yako, pampu ikazimika yenyewe, kisha ukarudi baada ya mwezi kuhakikisha kwamba bado inazimika.

Ofisi za umma ndizo ningetaka zianze. Nimekaa kwenye foleni ndani ya ofisi moja, AC imetegwa nyuzi 16, madirisha ya vioo vya kupangana yako wazi kwa sababu karani anaona baridi. Alipojaribu kuipandisha, rimoti ilikuwa imepotea tangu mwaka uliopita. Umeme huo tunaulipia sisi. Kabla ya laini kubwa kutufikia kutoka Rabai kupitia Malindi na Garsen, mji huu uliwashwa kwa jenereta za dizeli, na watu walikuwa na adabu ya taa. Sasa stima ipo, adabu ile imelegea, na bajeti inayofuata itaomba AC zaidi. Nunueni rimoti kwanza. Fungeni madirisha, osheni filta, mpimieni karani huyo joto la chumba chake, kisha mje na hesabu mpya.

Kwetu sasa daftari linaning'inia jikoni. Bibi ndiye anayeliandika, kwa hati yake nzuri ya Kiarabu: mita asubuhi, mita usiku, na lolote “lililobadilisha sauti”. Mpira wa mlango wa friza moja aliugundua yeye, alipoona karatasi aliyoibana mlangoni inachomoka bila kuvutwa. Mwezi uliopita nilisimama tena mbele ya mita saa nane ya usiku, nyumba tupu. Mara 4 kwa dakika.

Jirani wa nyuma amesikia habari, naye akanieleza kwamba nyumba yake ina mlio fulani wa usiku ambao hajawahi kuuwaza. Jumamosi baada ya alasiri nakwenda na bibi kuusikiliza.